Boga la Joshoni

Kilichoninyima usingizi mwaka wangu wa kujitolea Mafia lilikuwa boga. Sikuwa na hakika kama lina sumu au halina, na zaidi ya hapo sikuwa na hakika kama hofu yangu ni ya mtu aliyesoma au ni ya mtu mwoga tu. Hilo la pili ndilo lililonigeuzageuza kitandani, kwa sababu mimi huogopa kila kitu. Wiki ya kwanza kisiwani niliogopa maji ya kisima. Wiki ya pili niliogopa nazi zilizoning'inia juu ya njia ya chooni, nikawa nazunguka kwa nyuma kupitia vichakani. Wiki ya tatu nilipanda boti ya kwenda Juani, nikaitazama injini, nikaitazama kamba iliyoifunga injini, nikashuka kabla haijaondoka, abiria wote wakinisindikiza kwa macho. Mtu wa namna hiyo hufika mahali akashindwa kujua ni lini ameogopa kwa haki.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya sayansi ya mimea. Nilipata nafasi kwenye mradi mmoja mdogo wa bustani za akina mama. Hiyo ilikuwa miaka ya hifadhi ya bahari. Kokoro, ule wavu wa kukokota hadi ufukweni, lilikuwa limepigwa marufuku, na kila aliyekuwa na bango na mhuri alivuka kuja kuwapa watu wa kisiwani kazi mbadala. Wengine walileta mizinga ya nyuki, wengine vifaranga vilivyokufa kabla ya semina kwisha. Sisi tulileta mbegu. Mama aliyezoea kugawana samaki pwani tangu utotoni unamkalisha kwenye kiti cha plastiki siku mbili, unampa soda na pakiti ya spinachi, halafu unaandika kwamba maisha yake yamebadilika. Niliandika ripoti tatu za namna hiyo. Lugha yake ilisifiwa.

Bustani yetu kubwa ilikuwa kando ya barabara iendayo Utende, mahali panapoitwa Joshoni. Jinsi pahali hapo palivyopatikana ilikuwa hadithi ya fahari ofisini. Walionitangulia walizunguka kijiji kutafuta eneo lisilolimwa, wakakuta uwanja mzima umekaa bure, na katikati yake handaki la saruji, refu na jembamba, limejaa maji ya mvua. Upande mmoja lilishuka ghafla, upande wa pili lilikuwa na ngazi pana. Wakashangilia. Wakaliita tangi la kuvunia maji, wakaweka mashine ya kupampu na mpira. Hakuna aliyejiuliza tangi la maji linataka ngazi pana namna ile za nini. Mimi nilidhani ni za kushukia kuchota. Na jina la Joshoni nililiandika mwenyewe juu ya kila ripoti, kwa herufi kubwa, bila kulisikia.

Spinachi ilinyauka. Nyanya zilitoa majani tu. Maboga ndiyo yaliyotamba. Tuliyapanda upande wa chini wa handaki, kwenye bonde dogo lenye udongo mweusi, na yalitambaa kama yamefukuzwa. Lilikuwa boga la mbegu tuliyoileta sisi, lenye shingo ndefu na vipele, majani yana madoa meupe. Wageni walipokuja, bosi wangu aliwapeleka moja kwa moja bondeni. Walipiga picha wakiwa wamelikumbatia boga kama mtoto aliyeokolewa majini.

Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama alikuwa bibi mwenye nyumba niliyopanga. Mzaliwa wa hapohapo, mjane, mwenye ulimi. Aliishi na binti yake na mjukuu wa miezi minane. Mimi alinipa chumba cha uani, na alipokuwa radhi nami aliniita mwanangu. Asipokuwa radhi aliniita mtaalamu.

Basi siku moja tairi la baiskeli yangu lilipasuka Kilindoni, nikaikokota hadi kwa fundi, mzee mmoja mkavu anayefanyia kazi barazani kwake. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Wewe ndiye wa maboga ya Joshoni?"

"Ndimi, mzee."

"Mnamwagilia nini pale?"

"Maji ya tangi."

Alicheka mpaka tairi likamponyoka. "Tangi. Haya. Mie nimeogesha ng'ombe ndani ya hilo tangi lenu tangu sijaota ndevu. Enzi zile ng'ombe wanafugwa chini ya minazi ili wale majani. Kila wiki tunawaswaga, mmoja mmoja anatumbukia huku, anaogelea, anapanda ngazi kule. Kupe wanapukutika kama mchele."

Nilizaliwa bara, kwenye wilaya ya wafugaji. Josho nimeliona kabla sijaona lami.

"Dawa gani mlikuwa mkitia, mzee?"

"Ya madebe. Mie sikusoma, nilimimina. Kwanza ilikuwa ya unga, baadaye ikaja ya maji, inanuka hiyo, nzi anakufa kabla hajatua. Ndama mmoja aliwahi kuinywa. Hakufika zizini."

"Na tope la chini?"

"Tope likijaa tunashuka na ndoo, tunalizoa, tunalimwaga upande wa chini. Palepale penye udongo wenu mweusi. Nasikia mnasema una rutuba."

"Sasa mzee, mbona hukusema?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini mvua hunyesha. "Nani aliniuliza? Nyinyi mlikuja na kalamu. Na isitoshe dawa yenyewe ya zamani. Ilishapita tarehe."

Hilo la tarehe nililisikia tena baadaye kwa kila niliyemdokezea. Kijiji kizima kilijua ni josho, na hakuna aliyeficha. Ila walikuwa wamezoea vidonge vya zahanati: kikipita tarehe hakitibu, kwa hiyo na sumu ikipita tarehe haiui. Ningependa kuwacheka. Lakini ofisini kwetu, penye shahada tano ukutani, hatukuwa na hata hiyo hoja ya tarehe. Hatukuwa na hoja yoyote. Tuliona saruji na maji, tukaona bango letu.

Nilirudi nimekaa juu ya baiskeli lakini akili yangu iko darasani. Mmea hauna choo. Ukichukua miaka yangu mitatu ya chuo ukaikamua, ndilo tone linalobaki. Mnyama akimeza kibaya, ini hukishughulikia, figo zikakitoa nje. Mmea umesimama palepale ulipoota, haukimbii wala hauendi haja. Sumu ikiingia mizizini pamoja na maji, mmea hufanya kazi kama ya ini, hatua kwa hatua: huimega pembeni ibadilike umbo, kisha huifunga kwa sukari au kwa kitu kingine kinachoitia adabu, mwisho huipeleka stoo. Stoo ni kifuko cha maji kilichomo ndani ya kila seli, au ni ukuta wa seli wenyewe, ambako hugandishwa kama kokoto kwenye zege. Mmea ukishaihifadhi hivyo, unaendelea na maisha yake, kijani kabisa. Unaweza kuwa mzuri wa kupiga picha. Anayekula ndiye anayefungua stoo, na fundo la sukari lililofungwa na mmea, tumbo la mtu linaweza kulifungua.

Dawa nyingi za siku hizi mmea huweza kuzivunja ukipewa muda. Za majosho ya zamani ni habari nyingine. Kama ile ya unga ilikuwa ya arseniki, haivunjiki milele, kwa sababu haina cha kuvunjwa, ni ya kufichwa tu. Kama ile ya maji ilikuwa ya klorini, ilitengenezwa makusudi idumu. Mimea mingi huziacha hizo udongoni, zikanata mizizini zisipande. Maboga na jamii yake ndiyo yenye tabia ya peke yake: huzibeba, yakazipandisha kwenye shina, zikafika majanini na kwenye tunda. Mtu akitaka kuchagua mmea mmoja usiofaa kabisa kupandwa Joshoni, angechagua boga. Sisi ndilo tulilochagua, tukalimwagilia kwa maji ya josho lenyewe.

Na mimi, mwezi mmoja kabla, nilikuwa nimesimama mbele ya akina mama ishirini na karatasi kubwa yenye michoro ya kalamu za rangi, nikiwafundisha kuosha mboga kwa maji ya chumvi na ndimu ili kuondoa dawa. Niliwachorea beseni. Nilichora na mapovu. Kilichomo ndani ya seli hakina habari na chumvi yako, na hilo nililijua nikichora. Lakini somo lilikuwemo kwenye mwongozo.

Nilikwenda kwa bosi. Alinisikiliza akiwa anatafuta chaji ya simu, droo hadi droo.

"Umepima?" akauliza.

"Bado. Ndiyo naomba tupeleke sampuli bara, za udongo na za boga."

"Kwa hiyo hujapima."

"Hapana, bosi."

"Basi huna habari. Una wasiwasi. Wasiwasi hauandikwi kwenye ripoti." Akaipata chaji, akafurahi. "Na sampuli ikitoka hapa itatoka na jina la mradi. Ikirudi nayo itarudi na jina la mradi. Umefikiria hilo?"

"Nimefikiria wanaokula."

"Mvua za miaka yote hiyo zimesafisha. Wewe si ndiye ulishuka botini bahari imetulia kama uji?"

Ofisi nzima ilicheka. Nilicheka na mimi, hilo ndilo linalonichukiza nikikumbuka. Nilitoka pale nikijiambia kwamba ana hoja. Sikujua kiasi. Pengine ni kidogo sana. Pengine yule mzee anachanganya majosho. Pengine nikisema nitawatisha akina mama bure, waache bustani, walale njaa kwa sababu ya ndoto zangu. Nilikuwa na pengine kumi na mbili, niliziandika kwenye daftari kwa namba. Kesho yake nikaenda Joshoni kufundisha matandazo, kufunika udongo kwa majani makavu.

Ila boga nikaacha kula. Nilifanya hivyo kimyakimya, na majani yake pia. Nikiulizwa nilisema tumbo linanisumbua.

Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani. Mimi ni Mkristo, sifungi, lakini kwa jirani wa Mafia hilo si neno. Kila magharibi bibi alituma sahani kwenye mlango wangu, imefunikwa kawa: muhogo, kunde, tambi, na siku nyingi boga la nazi lenye iliki. Lilinukia. Sahani hairudi tupu, kwa hiyo asubuhi niliirudisha na sukari au tende au ndizi, nikasema lilikuwa tamu sana bibi, nikapewa dua.

Boga lenyewe sikujua nilipeleke wapi. Nilifikiria kuwapa bata wa jirani. Nikafikiri: bata watataga, mayai atapewa mtoto. Nilifikiria kulitupa jalalani. Mbuzi hula jalalani, na mbuzi atachinjwa Idi. Nilifuata kila njia ya lile boga hadi mwisho wake, na kila mwisho ulikuwa na mdomo. Ndipo nikachimba shimo nyuma ya bafu la makuti, na kila wenyewe walipokwenda tarawehe nikawa nalizika humo, kijiko kwa kijiko. Nilikuwa na bidii. Laiti ningekuwa na bidii hiyo ya kufumbua mdomo.

Katikati ya mwezi bibi aliniletea boga zima, bichi, zito, amelifuta vumbi kwa khanga. "La mama yako. Si ulisema kuna mwenzako anavuka kwenda Nyamisati? Ampelekee. Mwambie ni la mkono wangu."

Nikashukuru. Likakaa chini ya kitanda changu siku tatu, siku ya nne nikalizika na lenyewe. Wiki ikapita, bibi akaniuliza kama mama amelipenda.

"Amelipenda sana. Anakushukuru."

"Na atunze mbegu," akasema bibi.

Hayo yote yangekuwa mchezo wa mjinga kama asingekuwepo mtoto. Mjukuu alikuwa ameanza kulishwa. Binti wa bibi alimchemshia boga, akaliponda kwa mwiko, akalichanganya na tui kidogo, na mtoto akalipenda kiasi cha kulilia bakuli. Alikuwa na meno mawili. Mashavu yake, mikono yake, nguo yake, vyote vilikuwa rangi ya chungwa. Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama akila, mara moja, mara mbili, wiki nzima. Mtoto mdogo anakula kingi kulinganisha na uzito wake, na mwili wake bado haujui kutoa. Nililijua hilo, nimewahi kulijibu kwenye mtihani. Nilichosema kwa binti ni hiki: "Si umchanganyie na ndizi siku nyingine?"

"Ndizi zinamfunga choo," akasema.

Basi nikajiona nimetimiza wajibu.

Idi ikapita, masika yakaja kwa nguvu. Nilikuwa chumbani siku hiyo mchana nikijaza fomu, niliposikia bibi ananiita kutoka nyuma ya bafu. Hakuita kwa ukali. Aliita taratibu, kwa lile jina la pili.

"Mtaalamu. Hebu njoo."

Nilipofika nilielewa kila kitu kabla hajasema. Lile boga bichi nililolizika zima lilikuwa limeoza ardhini likaachia mbegu. Maji ya bafu na mvua yamefanya kazi yake. Palikuwa na miche zaidi ya kumi, minono, imesongamana, mmoja umekwishapanda ua wa makuti na kutoa ua la manjano. Majani yana madoa meupe.

"Mbegu hii kijiji kizima haipo ila Joshoni," akasema bibi. "Nani kaipanda hapa?"

Nikaitazama miche.

"Nimechokonoa kwa kijiti. Nimekuta na iliki." Alinionyesha ganda moja kwenye kiganja, limelowa. "Iliki yangu. Niliyoagiza Dar. Haya, huyu aliyezikwa hapa ni nani? Mama yako wa bara? Maana uliniambia amelipenda."

"Bibi, naomba unisikilize."

"Mwezi wa toba, chakula cha futari, unakizika kama maiti. Ulikisalia angalau?" Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na mtoto ubavuni, akajaribu kuzuia kicheko, akashindwa. Bibi hakucheka. "Kama unatuona wachafu ungesema. Wapo waliokaa chumba hicho wakasema. Nilikuwa nawaletea mayai ya kuchemsha, yana ganda lake."

Hapo nikasema. Nilisema vibaya, kwa haraka, nikianzia katikati. Nikamweleza habari ya mzee fundi, ya tope na bonde, ya mmea usio na choo, ya stoo ndani ya seli, ya boga kuwa ndilo baya kuliko yote kwa kubeba. Nikasema chumvi na ndimu havisaidii, na kwamba mimi ndiye niliyewafundisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani ataniuliza juu ya tarehe ya dawa, nikawa nimejiandaa kwa hilo. Hakuuliza.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kabla ya mwezi kuandama."

"Na huyu," akamwashiria mtoto kwa kidevu, "ulikuwa unakaa kwenye kigoda changu unamtazama."

"Sikuwa na hakika, bibi. Sijapima. Hata sasa sina hakika."

"Hukuwa na hakika," akasema, "lakini hukula."

Binti yake aliacha kucheka. Akaingia ndani, nikasikia bakuli linamwagwa.

Nimesoma vitabu vingi vinene, nimekaa kwenye semina ambazo watu walibishana siku nzima juu ya kiwango gani cha ushahidi kinatosha kuchukua hatua. Sijasikia hoja iliyokatwa sawasawa kama ile. Zile pengine zangu kumi na mbili zilikuwa za midomo ya watu wengine. Kwa mdomo wangu sikuhitaji hata moja. Mdomo wangu ulikuwa umeamua siku ileile ya baiskeli, bila maabara, bila bosi, na mimi nikaendelea kujiita mtu mwenye mashaka. Mradi wetu wote ulikuwa hivyo, nikiutazama vizuri. Bosi alipiga picha na maboga, lakini sikumbuki hata siku moja kuona amebeba moja kwenda nalo kwake.

Jioni hiyo hakuna sahani iliyokuja. Niling'oa ile miche ya nyuma ya bafu, nikaitia kwenye mfuko wa salfeti pamoja na udongo wake. Kisha nikampelekea bosi ujumbe, kabla sijapata nafasi ya kuuandika mara ya pili: "Kesho nang'oa maboga ya Joshoni yote. Sababu unazijua." Nikaizima simu, nikaiwasha, nikaizima, nikaiwasha tena.

Asubuhi ilikuwa siku ya kikundi. Nilikwenda na panga na jembe la kuazima. Akina mama walikuwa wamekwisha kufika, wameketi ukingoni mwa josho, miguu inaning'inia. Bibi hakuwepo. Niliwaambia yote, safari hii nikianzia mwanzo, nikimalizia hivi: "Sijapima. Sijui ni kiasi gani. Huenda ni kidogo. Ila tangu nilipojua sijala hata kijiko, nikawaacha nyinyi mle. Leo nayang'oa."

Wote wakasema kwa pamoja.

"Kwa hiyo tumekula sumu?"

"Huenda, mama."

"Huenda ndiyo nini? Tumekula au hatujala?"

"Mie nimefuturu boga mwezi mzima," akasema mmoja mnene, msema kweli. "Sasa swaumu yangu imekubaliwa au nianze upya?"

"Wewe ilikuwa haikubaliwi hata bila boga," mwenzake akamjibu, na wakacheka, kicheko kifupi kisicho na raha.

"Wageni wanakuja Alhamisi," akasema katibu wa kikundi. "Watapiga picha nini?"

"Watanipiga mimi," nikasema.

"Mtu aliyeogopa boti," akasema mwingine, "ndiye tumwamini?"

Nilishuka bondeni. Shina la kwanza lilikuwa nene kama kifundo cha mkono, nikalikata, likatoa maji. Nikakata la pili. Simu ilianza kulia kwenye mkoba niliouacha juu ya ngazi za josho, ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Niliwaambia akina mama, huku nimeinama, kwamba wasiwape mbuzi majani haya, wala wasiyachome, moshi wake si mzuri. Tungeyatia ndani ya josho, sumu yake ilikotoka, tukayafukia. Kwa muda mrefu nilikata peke yangu. Kisha yule mnene akashuka, akavua viatu vyake kwenye ukingo, nikamwambia avivae, akavivaa, akaanza kuburuta mashina.

Bibi alikuja jua limekwishapanda. Alisimama juu ya bonde na mjukuu mgongoni, akatazama uwanja uliotapakaa maboga yaliyokatwa vikonyo. Sikumwamkia, kwa aibu. Nilikuwa nimefika mstari wa mwisho, na nikadhani nimemaliza.

"Na mizizi," akasema. "Si ulisema inaanzia mizizini?"

Nikalichukua jembe, nikarudi mstari wa kwanza, nikaanza kuchimba.